Bibi yenu mtafuteni kwenye ubatizo wa watoto wa wengine

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Magomeni, Bagamoyo. Katika ukoo wetu kuna bibi mmoja, dada yake baba wa babu yangu, Mkatoliki aliyelelewa misheni. Tunaambiwa hakuolewa mpaka akafariki wakati wa Mwingereza. Aliuguza wagonjwa, alilea yatima, na chakula chake mwenyewe alikuwa akigawa. Sasa ndugu wanabishana. Shangazi anasema alikuwa sista akatoka. Kaka yangu anasema alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Mjomba anasema mwanamke wa zama zile hawezi kukaa bila mume, kwa hiyo lazima aliolewa ila tulifichwa. Je, mwanamke kama huyo angeishije, na ukweli wake nitaupata wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mjomba wako, maana hajakosea sana. Misheni ya Bagamoyo, pamoja na kuwa ya watu walioweka nadhiri ya kutooa na kutoolewa, haikupenda kabisa kuona binti wake aliyekua anakaa tu bila mume. Ukilielewa hilo kwanza, utaona kwa nini habari za bibi yenu zinastahili kufuatiliwa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 chini ya Padre Antoine Horner, wakitokea Unguja. Watoto wa kwanza kulelewa pale wengi walikuwa wamenunuliwa kwenye soko la watumwa la Unguja. Sultani Barghash alipokubali kulifunga soko hilo Juni 1873, walioletwa baada ya hapo wengi ni wale waliokamatwa na manowari za Waingereza kwenye majahazi. Wavulana walikaa upande wa mapadre, wakijifunza useremala, uashi na uhunzi. Wasichana walikaa upande wa masista, wakishona, wakifua na kupika, na wote walishika jembe. Pande hizo mbili hazikuingiliana. Kijana akikua alitafutiwa mchumba kutoka upande wa pili, wakafungishwa ndoa, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo kilichokuwa ndani ya ardhi ya misheni. Mwaka 1877 ilipofunguliwa misheni ya Mhonda, kwenye milima ya Nguru, vijana walioana Bagamoyo ndio waliopelekwa kuanzisha kijiji kipya huko bara. Hesabu ya mapadre ilikuwa ya mume na mke. Binti asiye na mume hakuwa na nyumba ya kupewa wala shamba la kugawiwa.

Kwa hiyo mtu akiuliza "aliishi wapi huyo bibi?", hilo ni swali zuri kuliko "kwa nini hakuolewa?".

Hata hivyo wanawake wa namna hiyo walikuwepo. Wapo waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo. Mtoto aliyefika pwani amekonda, ana vidonda vya miguu au amepofuka jicho, alinunuliwa kwa bei ndogo, na mara nyingi hao ndio walioangukia mikononi mwa mapadre. Wengine walipona wakaolewa, wengine walibaki chini ya paa la masista maisha yao yote. Wapo pia waliobaki kwa sababu masista waliwahitaji: anayejua kushona vizuri, anayeweza kuwatuliza watoto wapya kwa lugha ya kwao, anayejua kufunga kidonda bila kichefuchefu. Na wapo wajane. Hapa simama kidogo. Mara nyingi ukoo unaposema "hakuolewa", mwanzoni maneno yalikuwa "hakuolewa tena". Homa iliua vijana wengi wa misheni, na msichana aliyeolewa akiwa na miaka kumi na saba angeweza kuwa mjane kabla ya ishirini, hana mtoto. Miaka hamsini baadaye nani anamkumbuka yule mume wa miezi michache? Wajukuu waliomkuta mzee, yuko peke yake, walisema walichokiona. Usije ukaishia kumtetea bibi kwa jambo ambalo mwenyewe hakulisema.

Shangazi naye anasema alikuwa sista. Hili nalo halitupwi, ila lina masharti.

Watu wengi wanapoona picha za zamani hudhani masista wa kwanza walitoka Ulaya moja kwa moja. Sivyo. Walitoka Réunion, kisiwa kilichokuwa koloni la Ufaransa, mashariki ya Madagaska, na shirika lao liliitwa Mabinti wa Maria. Sita kati yao waliingia Unguja Desemba 1860 pamoja na Padre Armand Fava, miaka minane kabla ya Bagamoyo, wakaanza kuuguza wagonjwa na kulea wasichana mjini pale. Misheni ya Bagamoyo ilipoanza, wakavuka na kuja bara.

Mwanzilishi wa shirika hilo ningependa umfahamu, kwa sababu ndiye mfano ambao wasichana wa misheni waliufuata bila kumwona. Aliitwa Aimée Pignolet de Fresnes, amezaliwa mwaka 1810 katika ukoo wa walowezi weupe wa Réunion. Hakuolewa. Tarehe 20 Desemba 1848 Ufaransa ilifuta utumwa kisiwani humo, na watu wapatao 60,000 wakawa huru kwa siku moja. Uhuru ulikuja bila shamba na bila mshahara. Mzee aliyetumika miaka hamsini kwenye miwa sasa hakuwa na bwana wa kumlisha wala mtoto wa kumtunza, maana watoto wengine walikwishauzwa kwingine. Mei 1849, akishirikiana na Padre Frédéric Levavasseur, naye mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, Aimée alianzisha shirika la kuwahudumia watu hao, akachukua jina la kitawa la Mama Marie-Magdeleine de la Croix. Aliwapokea wanawake weupe, machotara na weusi waliotoka utumwani, wote kwenye nyumba moja, chini ya nadhiri zile zile. Miezi mitano tu kabla yake wengine kati yao walikuwa mali inayoandikwa pamoja na ng'ombe wa shamba! Walowezi wenzake hawakulifurahia, na sishangai. Alifariki mwaka 1889.

Kwa hiyo, katika shirika lililofika Bagamoyo, rangi haikuwa kizuizi cha nadhiri, wala kuwahi kuwa mtumwa. Msichana aliyekombolewa angeweza kuota kuwa sista. Lakini kuota na kupokelewa ni mambo mawili. Kulikuwa na miaka ya unovisi, yaani majaribio kabla ya nadhiri, kusoma, utii, na afya nzuri. Shirika la masista wazalendo wa eneo hili, lile la Mgolole kule Morogoro, lilianza miaka ya 1930, wakati bibi yenu, kama alilelewa enzi za Mjerumani au kabla, alikwisha kuwa mtu mzima sana. Ndiyo maana naliona jambo hili la usista kuwa dogo kuliko mnavyolikuza nyumbani. Wanawake wengi waliovaa shuka jeupe, wakasali na masista alfajiri na kufanya kazi nao mchana, hawakuwahi kuweka nadhiri yoyote. Mtaani wakaitwa masista tu, kwa heshima.

Sasa tuje kwenye vitabu, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wenu unapoweza kuisha.

Kila parokia ya zamani ina kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Vile vya mwanzo vimeandikwa kwa Kilatini, mwandiko wa kalamu ya kuchovya, wino umegeuka kahawia na mahali pengine umeshaila karatasi. Kila mbatizwa ana mstari au kifungu chake: tarehe, jina, umri wa kukisia, wazazi kama wanajulikana, msimamizi (yaani mzazi wa ubatizo), na padre aliyebatiza. Pembeni kuna nafasi nyeupe, na mtafutaji asiyejua huiruka nafasi hiyo wakati ndiyo yenye siri. Kwa amri ya Papa iliyoanza kufanya kazi Pasaka ya mwaka 1908, paroko akifungisha ndoa alitakiwa taarifa yake iandikwe pia pembeni ya ubatizo wa wenye ndoa. Sheria ya Kanisa iliyoanza mwaka 1918 ikaongeza hapo kipaimara, daraja takatifu na nadhiri kuu za kitawa.

Maana yake kwako ni hii. Kama bibi alibatizwa mtoto na angeweza kuolewa, tuseme, mwaka 1895, nafasi ya pembeni ikiwa tupu haithibitishi chochote. Hakukuwa bado na amri ya kuandika. Itakubidi upekue kitabu cha ndoa chenyewe, mwaka kwa mwaka, kuanzia alipofikisha miaka kumi na tano hivi. Kama alifikia umri wa kuolewa baada ya 1908 na pembeni pako tupu, hapo ushahidi una nguvu, japo makarani wa Mungu nao husahau. Na kuhusu usista: masista wengi wa kimisionari huweka nadhiri zinazoitwa za kawaida, si nadhiri kuu, kwa hiyo hawakulazimika kuandikwa pembeni. Shangazi hawezi kushindwa kwa sababu ya nafasi tupu. Wala hawezi kushinda.

Lakini kuna njia nyingine ninayoiamini zaidi, na ndiyo hasa ninayotaka uichukue. Mwanamke mwenye mume na watoto anaonekana kwenye vitabu kama mke na mama: ndoa yake, ubatizo wa watoto wake, mazishi ya mumewe. Mwanamke asiye na mume wala mtoto ana mistari miwili tu ya kwake, wa kubatizwa na wa kuzikwa. Kama alikuwa mtu wa huruma, alama zake zote zipo kwenye mistari ya watu wengine. Acha kumtafuta yeye. Fungua ubatizo wa watoto wa jirani, wa yatima, wa wagonjwa, usome nafasi ya msimamizi, ambayo kwa mwanamke wameandika "matrina". Jina moja likianza kurudi rudi, mwaka huu mara nne, mwaka ujao mara saba, tena kwa watoto wa koo tofauti, umemkuta mtu ambaye nyumba yake ilikuwa wazi.

Angalia pia ubatizo wa hatari ya kufa, ambao mara nyingi umeandikwa "in periculo mortis". Kanisa linamruhusu mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, kumbatiza anayekaribia kufa kama padre hayupo, na jina lake huandikwa. Mtoto mchanga anazidiwa saa nane ya usiku, mvua inanyesha, misheni iko mbali. Anayeitwa ni yule mama anayejua kuuguza. Anamimina maji, anasema maneno, na asubuhi anakwenda kumweleza padre. Mwanamke ambaye jina lake limeandikwa hapo mara kadhaa alikuwa akiitwa kwenye vyumba vya wagonjwa, hilo halina ubishi. Hayo maneno yenu ya "aliuguza wagonjwa" yanaweza kuwa na tarehe na majina.

Na usimamizi huo huo utakusaidia kujibu la usista. Desturi ya Kanisa, na baadaye sheria ya 1918 waziwazi, iliwazuia watawa na wanovisi kusimamia ubatizo, isipokuwa kwa dharura na kwa ruhusa ya mkubwa wao. Ukikuta bibi yenu amesimamia watoto ishirini katika miaka ishirini, mwambie shangazi kwa upole kwamba wakati huo wote hakuwa sista. Ukikuta usimamizi wake umeanza ghafla baada ya miaka mingi ya kimya, hapo shangazi anaweza kuwa ameshika kitu.

Kaka yako anasema alikuwa amekombolewa. Kwa misheni ya Bagamoyo hilo ndilo jambo la kawaida kuliko yote, na halina aibu. Dalili zake kitabuni ni wazazi kuandikwa kuwa hawajulikani, umri wa kukisia, na mara nyingine kabila au nchi alikotoka: Myao, Mnyasa, Mzigua. Ila kuna jambo litakalowagusa. Unasema alikuwa dada yake baba wa babu yako. Je, walizaliwa tumbo moja? Watoto waliofika misheni kila mmoja peke yake, hana baba wala mama, walifanywa ndugu kwa kulelewa pamoja, kubatizwa siku moja, kusimamiwa na mtu mmoja. Undugu huo waliushika mpaka kufa, wakawarithisha watoto wao bila kueleza ulianzaje. Ukikuta hivyo usiufute kwenye ukoo. Andika tu ulivyokuwa.

Kama aliwekwa huru kwa mkono wa serikali ya Mjerumani, kuna uwezekano alipewa barua ya uhuru. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja katika koloni lao. Walitoa barua hizo kwa mtu mmoja mmoja, wakatangaza kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa ukapigwa marufuku kabisa na Mwingereza mwaka 1922. Familia nyingine barua hiyo ipo ndani ya sanduku, imekunjwa pamoja na cheti cha ubatizo, na hakuna aliyejua ni nini kwa sababu ni ya Kijerumani. Pekueni masanduku kabla ya kupanda basi.

Umeuliza pia angeishije. Chukulia ni miaka ya mwisho ya Mjerumani. Anaamka kwa kengele, misa ya alfajiri, kisha zahanati ya masista. Foleni ni ya watu wa kila namna, Waislamu wa mjini na wapagazi wa bara pamoja, maana kidonda hakiulizi dini. Kazi kubwa ni miguu. Funza walikuwa wameshaenea pwani, na kumtoa funza kunataka mkono uliotulia: unapasha pini kwenye moto, unachokonoa ngozi pole pole kuzunguka kile kifuko cheupe, unakitoa kizima bila kukipasua, unasafisha shimo na kufunga kitambaa. Mtoto analia, mama yake anamshika. Miguu kumi, vidole hamsini, na kesho tena. Mchana anarudi kwenye cherehani au shambani, kwa sababu posho ya misheni ilikuwa chakula na nguo, si pesa ya kuweka. Alichogawa bibi yenu kilitoka kwenye sahani yake kweli.

Na ulinzi? Mwanamke wa peke yake mjini Bagamoyo, mji wa misafara, alihitaji mtu wa kumsemea. Kwa Waislamu alikuwepo walii, kaka au baba mdogo. Kwa binti wa misheni asiye na ukoo, padre na mama mkuu wa masista walikaa mahali pa walii. Hilo lilimpa usalama, pia lilimfunga. Sidhani ni haki kulisifia upande mmoja tu. Kuna waliobaki bila mume kwa kupenda, na kuna waliobaki kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Hapo nikuonye kuhusu barua na vitabu vidogo vilivyochapwa Ulaya kuhusu wasichana wa misheni. Anayejulikana zaidi ni Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Unguja miaka ya 1860 akiwa mahututi, akazikwa angali hai, akafukuliwa na kupelekwa kwa masista wale wa Réunion. Habari zake zilichapwa Ufaransa mwaka 1870. Mambo ya msafara yanayosimuliwa mle, ya njaa na ya mama kuachwa njiani, yanalingana na tunayoyajua ya biashara ile. Lakini maandishi hayo yalikusudiwa kumfanya Mfaransa afungue mkoba wake, na wasichana wote mle wana upole wa malaika. Ukikuta bibi yenu ametajwa katika barua ya namna hiyo, amini tarehe na mahali. Sifa zipunguze kidogo.

Pa kuanzia ni ofisi ya paroko wa Bagamoyo. Vitabu hivi si vya maktaba, vinafunguliwa kwa ruhusa. Nenda na barua fupi inayoeleza ukoo wako, nenda na penseli badala ya kalamu ya wino, na usipige picha kabla ya kuuliza. Kisha ujue kwamba vikariati ya Bagamoyo, yaani eneo la Kanisa ambalo bado halijawa jimbo kamili, iliyoundwa mwaka 1906 chini ya Askofu François-Xavier Vogt, ndiyo iliyokuja kuwa jimbo la Morogoro mwaka 1953. Kwa hiyo karatasi za juu, za kiaskofu, usishangae ukielekezwa Morogoro. Shajara za mapadre ni za Kifaransa, na hazina kuu ya nyaraka za shirika lao iko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Mafaili ya Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ukiwa Bagamoyo pita makumbusho ya misheni, iliyomo kwenye nyumba ya zamani ya masista. Wanaoihudumia wanajua kusoma mwandiko wa zamani kuliko mimi na wewe.

Makaburi ya misheni nayo yapitie, ila usiyatarajie makubwa. Misalaba yenye majina ni ya mapadre na masista, wengi wao walikufa vijana. Mwanamke mlei, asiye mtawa, alizikwa chini ya msalaba wa mti ulioliwa na mchwa kitambo. Badala yake tafuta mstari wake kwenye kitabu cha marehemu. Padre aliyemzika alilazimika kuandika alikuwa nani siku ile: mke wa fulani, mjane wa fulani, sista, au jina lake tu. Nakili mstari mzima kama ulivyo, pamoja na jina la padre na la aliyetoa taarifa ya msiba, hata kama maneno mengine huyaelewi. Ukishaupata niandikie, tuusome pamoja.